Nani Kasema Gundi Yangu ni Dhahiri?

Jumatatu, 10 Machi

Barua pepe imeingia nikiwa nakunywa chai. Rufaa yangu itasikilizwa tarehe 26, Mahakama Kuu, Wellington. Hatimaye! Nimemwita Noeline aje aone. Amesoma akiwa amesimama, mikono imejaa maganda ya matunda ya feijoa. Akasema haya, tumesikia, akarudi kwenye jemu yake.

Kwa faida ya vizazi vijavyo: naitwa Mervyn Tuffery, wa Hāwera, Taranaki. Nilifanya kazi kiwanda cha maziwa mpaka waliponipumzisha. Sasa ni mvumbuzi. Nimevumbua gundi ya maji ya kubandikia lebo kwenye chupa. Inashika ndani ya friji. Inashika ndani ya barafu. Lakini itie chupa kwenye maji ya moto, lebo inabanduka yenyewe kama soksi inayovuliwa. Gundi ina maji, unga wa maziwa yaliyogandishwa, chokaa, na asali ya maua ya mānuka. Hiyo asali ndiyo siri yenyewe. Ilikuwa siri. Sasa imo kwenye majalada ya serikali.

Na serikali imeninyima hataza, yaani haki ya kuumiliki uvumbuzi wangu peke yangu. Wanasema gundi yangu ni jambo la dhahiri. Eti kuna Mjerumani wa zamani aliyeandika habari za maziwa na chokaa. Halafu kuna Mmarekani wa zamani aliyeandika kwamba ukitia sukari, gundi haipasuki ikikauka. Basi fundi gundi yeyote wa kawaida, akiwasoma hao wawili, angefika kwenye asali huku anapiga miayo. Asali, wanasema, ni sukari tu iliyokwenda shule. (Hayo ya shule ni maneno yangu. Wao hawana ucheshi.)

Dhahiri! Mimi! Noeline anasema katika ndoa yetu yote ameniita majina mengi, lakini hilo halijawahi kumjia.

Aliyeweka pingamizi si mtu baki. Ni shemeji yangu, Garth Ibbotson, kaka yake Noeline wa tumbo moja. Anauza asali soko la Jumamosi na anataka kubandika lebo zake kwa gundi yangu, bure. Wakati wa Krismasi tunakula naye meza moja.

Jumanne, 11 Machi

Noeline ameanza tena habari za kiwiko.

Nitaandika hapa mara moja tu, kwa kuwa hapa hasomi mtu. Siku ile nilikuwa nakoroga gundi ya kawaida jikoni. Redioni kulikuwa na raga. Timu yetu ikafunga dakika za mwisho. Nikarusha mikono juu. Kiwiko kikagonga chupa ya asali rafuni, chupa ikaangukia sufuriani kichwa chini. Sikuitoa mara moja kwa sababu walikuwa bado hawajapiga mkwaju wa nyongeza. Nikakoroga. Basi.

Noeline alikuwa mlangoni. Aliona yote.

Anasema nimweleze jaji hivyo hivyo. Nimemwambia mvumbuzi hamwagi. Mvumbuzi hutia. Na isitoshe, kile kiwiko ni cha nani? Ni changu. Hakuna kiwiko kinachofanya kazi peke yake. Kinapata amri kutoka kichwani. Akauliza kama kichwa kilijua kimetoa amri hiyo. Nikasema mjadala umefungwa.

(Asali yenyewe ilikuwa zawadi ya Garth. Hilo halimhusu mtu.)

Alhamisi, 13 Machi

Tumekwenda New Plymouth kumwona wakili, Bi Hinerau Katene. Mama makini, miwani imening'inia kifuani, mezani ana picha ya timu ya netiboli ya mawakili. Alikuwa amesoma jalada lote. Hilo lilinipa wasiwasi.

Akafungua ukurasa wa mwisho wa yule Mmarekani, akaugonga kwa kidole. Akauliza kama nimeusoma. Nikasema bila shaka. Akanisomea hata hivyo. Mmarekani anasema tia sukari, tia shira, tia utakacho, lakini usitie asali kamwe, maana inavuta sisimizi na inavunda.

"Mzee Tuffery," akasema, "hapa ndipo ulipo ushindi wako. Fundi wa kawaida akishaonywa hivi, hatii asali. Anakimbia. Kwa hiyo si dhahiri hata kidogo. Sasa niambie, wewe uliipataje?"

Noeline akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu chini ya meza, kwa upendo. Nikajibu kwamba nilifika kwa njia ya fikra.

Tukiwa kwenye maegesho Noeline akasema amesahau mwavuli, akarudi ndani. Hatukuwa na mwavuli. Kupitia dirishani nikamwona Bi Katene ameweka mikono kichwani, anacheka mpaka analalia jalada. Kisha akatoka mwenyewe mpaka kwenye gari. Akasema ni habari njema kuliko zote alizosikia mwaka huu, ya kwamba hata mvumbuzi mwenyewe hakuiwazia asali, na kwamba Noeline ale kiapo aieleze mahakama habari ya kiwiko na raga.

Eti raga! Mbele ya jaji!

Nimemwachisha kazi kabla hatujafika mji wa Stratford, katikati ya njia. Nilimpigia simu, nikamwambia tuna tofauti za kitaalamu. Akasema anasikitika, lakini tafadhali, tafadhali, nisiache ukurasa ule wa mwisho. Nitajitetea mwenyewe. Noeline alizima redio, akaendesha gari mpaka nyumbani.

Jumamosi, 15 Machi

Sokoni. Nilipita mbele ya meza ya Garth bila kumtazama. Akaniita. Nikapita tena, ili aone kwamba simtazami.

Akanikaribia na kijiko cha asali mkononi. Akasema shemeji, tuache kununiana kwa mambo ya makaratasi. Akasema amesikia nimemwachisha kazi yule mama wa New Plymouth. (Noeline hana siri kwa ndugu zake. Ukoo mzima wa Ibbotson ni kama bomba lililopasuka.) Akasema kusema kweli ameingiwa na hofu. Wakili anafungwa na sheria zake, lakini mtu mwenye kichwa kama changu, akisimama mwenyewe mbele ya jaji, nani atamzuia?

Nikamwambia asinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Akaapa. Akasema kitu kimoja tu kinampa matumaini, kwamba labda ilinitokea kwa bahati. Kwa sababu kama ilikuwa bahati, basi yeye na mimi ni sawa. Lakini kama nilikaa chini, nikamsoma Mjerumani, nikamsoma Mmarekani, nikawaunganisha kwa akili yangu hatua kwa hatua, basi amekwisha. Hana pa kushika.

Nikamwambia aanze kutafuta pa kushika.

Alipogeuka mabega yalikuwa yanatetemeka. Nadhani ni woga. Nilimwonea huruma kidogo, nikanunua chupa moja.

Jumapili, 16 Machi

Nimefanya jaribio la kisayansi kwenye banda la gari. Nia: kuona huyo "fundi wa kawaida" wanayemtaja kila ukurasa ni mnyama gani. Nimewaalika Bidlake na Tāmati, wote wawili wastaafu wa maabara ya kiwandani, watu wa kawaida kupita kiasi. Nikawawekea mezani maji, unga wa maziwa, chokaa, sukari, asali, na nakala za Mjerumani na Mmarekani. Nikawaambia watengeneze gundi isiyopasuka. Nikakaa pembeni na saa.

Noeline akaleta skonzi.

Bidlake alimsoma Mmarekani mpaka mwisho, akasema lo, sisimizi, akaisukuma chupa ya asali mbali na sufuria. Kisha akaivuta tena akapaka kwenye skonzi. Tāmati akasema niipitishe kwake. Wakaimaliza. Gundi waliyotengeneza ilikuwa ya sukari, nzito, na ilipasuka ilipokauka. Tāmati aliulizwa kwa nini hakutia asali, akajibu, mdomo umejaa, kwamba mtu haharibu asali nzuri namna ile.

Noeline alikuwa anapiga picha kwa simu huku anarukaruka. Akasema ndiyo hiyo! Mafundi wawili, wanaijua kazi, asali iko mbele yao, na wanaipaka kwenye skonzi! Ushahidi gani tena unataka?

Nimemwambia afute picha. Nitapelekaje mahakamani picha ya watu wanaolamba vidole? Jaji akijua kwamba hawa ndio wenzangu wa kazi, na mimi atanifikiriaje? Mtu huhukumiwa kwa marafiki zake.

Bidlake ameuliza kama kuna jaribio jingine Jumapili ijayo.

Jumanne, 18 Machi

Sisimizi.

Niliweka chupa za vielelezo kwenye kabati lenye tangi la maji ya moto ili gundi ikauke vizuri. Asubuhi nimefungua, mstari mweusi umetoka dirishani, umepita kwenye taulo, umepanda hadi kwenye lebo ya kwanza. Wanalamba pembe zake. Lebo imeshika, lakini ina nyuzi nyuzi kama sharubu.

Noeline alisema kwa upole wa kutisha kwamba yule Mmarekani alionya jambo la kweli, na kwamba nikiwapeleka sisimizi wenyewe mahakamani nitakuwa nimeshinda kabla sijafungua mdomo.

Nimeosha chupa zote. Nimebandika lebo upya. Nimeweka miguu ya meza ndani ya visahani vya maji. Mbele ya jaji, gundi yangu haitakuwa na sisimizi hata mmoja, na hakuna atakayejua kwamba iliwahi kuwa nao.

Alhamisi, 20 Machi

Leo Noeline hakukasirika. Ingekuwa afadhali.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye ule mstatili wa nyasi za njano ilipokuwa karavani yetu, kile kijumba cha magurudumu. Tuliiuza ili kulipia ombi la hataza. Nilimwahidi kwamba gundi itairudisha, na kwa kweli kiwanda cha jemu cha Hastings kimeandika kwamba hataza ikitoka watainunua haki ya kuitumia, na hataza isipotoka hawana haja ya kunilipa, maana mtu yeyote ataweza kuitengeneza.

Alisema hakumbuki mara ya mwisho tulipolala tukisikia bahari. Alisema pale ufukweni Ōpunake, mvua ikipiga bati la karavani, nilikuwa nampikia mayai na nilikuwa siongei juu ya kitu chochote. Alisema hivyo kama mtu anayekumbuka marehemu.

Nikamwambia tarehe 26 tutairudisha. Akanishika sharubu ya shati langu, yaani uzi uliokuwa umening'inia, akaukata kwa meno.

"Merv," akasema, "waambie tu kilichotokea. Basi. Sikuombi kingine."

Nikasema nitawaambia. Na nilimaanisha, kwa muda wote aliokuwa amesimama pale.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeandika hotuba. Nimeisoma mbele ya kioo cha bafuni. Inaanza na Wagiriki.

Kiwiko hakimo. Nilijaribu kukiingiza. Nilijaribu kweli! Lakini kila nilipofika kwenye "timu yetu ikafunga", nikajiona kwenye kioo: mzee na fulana yenye madoa ya chokaa, mikono hewani, anafurahia raga. Huyu si mtu wa kupewa hataza. Huyu ni mtu wa kupewa kiti.

Kwa hiyo nitasema nilimsoma Mjerumani, nikamsoma Mmarekani, nikaunganisha. Si uongo. Niliwasoma. Niliwasoma mwaka jana, baada ya ofisi kuninyima na kuniletea nakala zao. Nikiulizwa tarehe nitaitaja. Sidhani nitaulizwa tarehe.

Jumatano, 26 Machi. Wellington

Naandika kwenye mkahawa mkabala na mahakama. Noeline hayupo. Nitaeleza.

Upepo wa Wellington ulinipokonya ukurasa wa Wagiriki nikiwa bado nje. Ulikwenda zake baharini. Hakuna neno. Nikaingia na chupa zangu ndani ya kikapu cha Noeline. Garth alikuwa amekaa nyuma ya wakili wake, amevaa tai aliyovaa siku tuliyomzika baba mkwe wangu. Akanionyesha dole gumba. Adui anayekutakia heri! Nilijua ameshakata tamaa.

Jaji ni mwanamke, Jaji Pethybridge. Mpole, sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Akaniambia niketi, nisiwe na wasiwasi, kwamba amesoma kila kitu. Akaitazama chupa yangu ikitoka kwenye bakuli la barafu, lebo imeshika barabara. Akaitia kwenye maji ya moto waliyoniletea. Lebo ikabanduka. Akasema, "Aa!" Imeandikwa kwenye kumbukumbu za mahakama. Mahakama Kuu ilisema "Aa!"

Halafu akafungua ukurasa wa mwisho wa Mmarekani. Yeye mwenyewe! Hakuna aliyemwambia.

Akasema, "Bwana Tuffery, kuna jambo linanisumbua katika uamuzi wa ofisi. Huyu bwana anaonya waziwazi kwamba asali isitumike. Wewe onyo hilo halikukutia shaka?"

Wakili wa Garth aliacha kuandika. Garth aliangalia viatu. Nyuma yangu nikamsikia Noeline anavuta pumzi, hakuzitoa.

Nikasema, "Hata kidogo, Mheshimiwa. Niliona jibu mara moja."

 Jaji akasema hakuna haja ya kuharakisha. Akauliza kama labda nilisitasita, nikajaribu vitu vingine kwanza, nikashindwa.

Nikamwambia kushindwa si desturi yangu.

Akauliza kama fundi mwingine, mwenye ujuzi wa kawaida tu, angesitasita.

Hapo nilikumbuka Bidlake na skonzi yake. Nikasikia aibu kwa niaba ya fani nzima. Nikasema, "Mheshimiwa, mtu yeyote mwenye kichwa juu ya mabega angeona. Maziwa na chokaa huku, sukari kule. Asali ni nini kama si sukari iliyokwenda shule?"

Watu walicheka. Hata karani! Ule mzaha nilikuwa nimeulea tangu siku ile ya kwanza, na ulitoka vizuri kuliko nilivyotarajia.

Noeline alikohoa. Kikohozi kile nakijua. Ndicho anachokohoa nikitaka kumweleza daktari wa meno kazi yake. Nikaendelea.

Jaji akavua miwani. Akasema kwa sauti ya chini sana, "Bwana Tuffery, hebu nieleze siku yenyewe. Ilikuwaje? Ulikuwa wapi, ulikuwa unafanya nini?"

Nakiri kwamba hapo palikuwa na nafasi. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na jaji ameushikilia kwa mkono wake. Nikageuka nikamwona Noeline. Alikuwa anatingisha kichwa taratibu, ndiyo, ndiyo, sema, na midomo inaunda neno: kiwiko.

Kisha nikamwona Garth. Ameegemea mbele, mikono kidevuni, kama mtu anayesubiri kusikia kwamba yeye na mimi ni sawa.

Nikasema nilikuwa nimeketi mezani. Mjerumani mkono wa kulia, Mmarekani mkono wa kushoto. Nikamsoma wa kwanza, nikamsoma wa pili, na asali ikafuata yenyewe, kama Jumanne inavyofuata Jumatatu.

Noeline aliinuka akatoka. Mlango wa mahakama ile ni mzito, haupigiki kwa kishindo, lakini alijitahidi.

Wakili wa Garth akaulizwa kama ana la kujibu. Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema hana la kuongeza kwa maelezo ya mkata rufaa. Akakaa. Nilimshinda mpaka akakosa maneno! Wakili wa mjini!

Jaji alinitazama muda mrefu kabla ya kusema atatoa hukumu baadaye. Ni jicho ambalo watu humtazamia mtu wa aina yake.

Nimeagiza pai ya nyama. Gari halipo kwenye maegesho. Kikapu ninacho.

Alhamisi, 27 Machi

Nimerudi kwa basi. Ni njia nzuri. Mtu anaona mambo mengi.

Noeline amekwenda kukaa kwa Garth na mkewe kwa siku chache. Kwa Garth! Ameacha ujumbe mezani kwamba chakula kiko kwenye friji na kwamba hataki kusikia neno "fikra".

Chupa ya chatini iliyomo ina lebo ya gundi yangu. Imeshika kikamilifu. Nilikula peke yangu, nikiitazama.

Ijumaa, 11 Aprili

Hukumu imetoka.

Nimeisoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza niliruka maneno "rufaa imetupiliwa mbali", nikidhani yanamhusu mwingine.

Jaji anasema alikuja mahakamani akiwa na mashaka makubwa juu ya uamuzi wa ofisi. Anasema lile onyo la asali lingeweza kabisa kumwokoa mkata rufaa, laiti pangekuwa na ushahidi wowote kwamba lilimzuia mtu yeyote. Lakini mkata rufaa mwenyewe, "kwa maelezo ya wazi na ya kupendeza", ameihakikishia mahakama kwamba hatua ile haikuhitaji jitihada wala kusita, na kwamba mtu yeyote mwenye kichwa juu ya mabega angeichukua. Mahakama haina sababu ya kumkatalia.

Ya kupendeza. Ameandika "ya kupendeza". Nimepigia mstari.

Bi Katene amepiga simu kutoa pole. Akauliza, samahani, ni nini kilichonipata. Nikamwambia jaji hakuwa mtaalamu wa gundi. Akasema, hapana, mzee, huyo alikuwa amekushikia ngazi na wewe ukaipiga teke. Akanitakia afya njema. Watu wa netiboli wana maneno.

Kiwanda cha Hastings kimeshaandika. Wananipongeza kwa mchango wangu kwa jamii. Wameanza kuitengeneza gundi yangu, bure.

Jumapili, 13 Aprili

Noeline amerudi kuchukua sufuria zake za jemu. Nilitoka nje nikamkuta amesimama kwenye nyasi za njano. Zimeanza kuota tena, za kijani, laini. Muda si mrefu hakuna atakayejua kulikuwa na kitu pale.

Nilitaka kusema samahani. Nilikuwa nalo neno lenyewe, liko tayari mdomoni. Lakini nikaona afadhali kwanza nieleze kidogo kosa la jaji lilikuwa wapi, ili samahani iwe na msingi. Nilipomaliza maelezo alikuwa ameshaingia kwenye gari.

Akashusha kioo. Akasema Garth amempa kazi ya kusimamia ubandikaji wa lebo. Yeye ndiye mkubwa wa kitengo. Wanatumia gundi ya maziwa na asali, kila mtu ana ruhusa sasa. Na ameanza kuweka akiba ya karavani ndogo. Nikauliza ni ya watu wangapi. Akasema wawili.

Hakusema wa pili ni nani. Sikuuliza. Lakini hakusema kwamba si mimi. Jambo hilo limenifanya nioshe vyombo.

Jumamosi, 26 Aprili

Siku kubwa!

Noeline amenipigia simu asubuhi. Gundi yao inafanya mabonge. Garth ni mkaidi, hakubali kwamba mashine imemshinda. Anauliza kama naweza kwenda, na kama nikienda naweza, kwa ajili yake, kurekebisha na kunyamaza. Nikasema naweza.

Nikaenda. Nilirekebisha. Walikuwa wanatia chokaa kabla ya maji kupoa, makosa ya kitoto. Noeline alinipa chai na kipande cha keki, akaniambia asante, Merv, na akaweka mkono wake begani pangu kidogo. Alisema mwezi ujao huenda akaenda Ōpunake kutazama karavani moja inayouzwa. Akasema kama sina shughuli. Nikasema sina. Nikanyamaza! Nilinyamaza vizuri kabisa, mpaka alipokwenda dukani kununua maziwa.

Nikabaki na Garth. Akaniambia shemeji, kwa gundi nilikuwa na bahati, tukubali tu, mzee. Bahati njema haiji mara mbili.

Bahati!

Basi ikanibidi nimweleze juu ya pete yangu mpya ya kufungulia vifuniko vya chupa vilivyokaza, ya mpira wa gambuti kuukuu. Sijamwambia mtu bado, wala ofisi ya hataza. Kusema kweli nilikanyaga kifuniko gizani bandani, kikafunguka chini ya buti, lakini Garth nilimweleza upande wa kanuni za msuguano, hatua kwa hatua, kutoka mwanzo mpaka mwisho, ili aone tofauti kati ya bahati na akili. Alikuwa anatikisa kichwa kwa mshangao. Akaomba anirekodi kwa simu. Akasema nina sauti ya redio na itakuwa dhambi isipohifadhiwa.

Sehemu ya vipimo nimeirudia mara mbili, polepole, kwa sababu gari lilikuwa linapita.